Hongo ya Mto Kule Uha

Mvua za Uha, nchi ya Waha, huanza Oktoba au Novemba, hupumzika kidogo Januari au Februari, kisha huendelea mpaka Mei. Ikifika Julai mito imekonda, nyasi zimekauka, maharage yamekwisha kupigwa na kuwekwa kwenye magunia, na mtumishi wa umma aliyehamishiwa Kasulu au Kibondo huanza kupata mawazo. Wazo la kwanza ni kuomba uhamisho. La pili, ambalo ndilo la hatari zaidi, ni kwenda kutembea mtoni.

Kundi lililotoka Kasulu Jumamosi moja ya msimu huo lilikuwa na mhasibu, mwalimu wa jiografia, nesi, na kijana wa kompyuta ambaye kila ofisi humwita printa ikigoma. Mpango wao ulisukwa kwenye kundi la WhatsApp: kufuata kijito kinachotiririkia Malagarasi upande wa Kibondo, kuvuka kwa miguu palipo na maji mafupi, kuogelea kwenye vidimbwi vya mawe, kula mchana kivulini na kurudi kabla ya giza. Walioupitisha mpango huo kwa dole gumba walikuwa wengi. Aliyewahi kuvuka mto pasipo na daraja hakuwepo.

Ndani ya Noah ya kukodi mwalimu hakunyamaza. Malagarasi, alisema, ni mto wa pili kwa urefu nchini, una kilomita zipatazo 475, na haujui njia ya mkato. Chanzo chake kiko milimani karibu na mpaka wa Burundi, si mbali sana na Ziwa Tanganyika. Mto mwingine wowote ungeteremka magharibi ukamaliza kazi. Huu hupanda kaskazini mashariki ukiandamana na mpaka, ukakata kona kuingia Kibondo, ukapotelea kwenye mabwawa ya Muyovozi, halafu ndipo ukakumbuka ziwa na kugeukia magharibi kupitia Uvinza. Mabwawa hayo si haba. Ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi ina kilomita za mraba 32,500, na mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Wataalamu wa samaki wanaongeza kwamba mto huu ni mkongwe kuliko ziwa unakoishia, kwa kuwa una samaki wa jamii za Kongo wasiopatikana ziwani.

Mhasibu alitaka kujua kama safari ya namna hiyo hulipiwa posho kwa kilomita.

Kijijini walimpata mzee wa kuwaongoza kwa ujira wa sukari na pesa kidogo. Mzee alivaa katambuga, akashika fimbo, akawatazama wageni wake kuanzia miguuni. Kijana wa kompyuta alikuwa na raba nyeupe za dukani, mwalimu ndala, mhasibu viatu vya ofisini alivyoviita vya zamani. Mzee hakusema neno. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na fimbo nyingine kadhaa.

Kivuko cha kwanza kilikuwa na maji meupe yanayoonyesha kila jiwe. "Maji ya magoti tu hayo, wanangu," mzee alisema, akavuka huku akipinda kulia, akarudi kushoto, akatokea ng'ambo suruali ikiwa imelowa kidogo tu. Hakuna aliyeuliza ni magoti ya nani, wala aliyejiuliza kwa nini mtu mzima anavuka mto kwa kona. Mhasibu, mtu wa hesabu, alipiga mstari ulionyooka. Hatua ya kwanza ikamfika kwenye kifundo, ya pili gotini, ya tatu kifuani, na hotipoti ya chapati ikabaki juu ya kichwa chake, mikono yote miwili imeishikilia.

Kutoka ukingoni mwalimu alieleza jambo hilo vizuri. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani hupinda, kwa hiyo dimbwi huonekana fupi kuliko lilivyo. Ukilichungulia kutoka juu, kina cha sentimita 120 utakiona kama 90, na ukilitazama kwa upande hudanganya zaidi. Maelezo hayo yalikuwa sahihi kabisa, ila yalichelewa. Na maji ya Uha, nchi iliyo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Julai si maji ya kusimamia huku ukisikiliza somo.

Hapo ndipo mzee alipowafundisha kuvuka. Uso uelekee maji yanakotoka, fimbo itangulie na iwe mguu wa tatu, mguu mmoja usinyanyuliwe kabla mwingine haujapata jiwe, na mikanda ya begi ifunguliwe ili ukianguka uliache liende zake. Mawe yenye utando wa kijani yaachwe. Kiatu kifungwe kisigino. Katambuga, zilizokatwa kwenye tairi la gari, zina mkanda wa nyuma, hazinywi maji na hushika mwamba. Ndala hazina hata sifa moja kati ya hizo. Ya kushoto ya mwalimu ilivutwa na tope, ikachomoka, ikaibuka mbele na kuondoka kuelekea Malagarasi. Kwa njia aliyoieleza mwenyewe garini, ilikuwa inakwenda kuuzunguka mkoa kabla ya kuliona ziwa.

Walau alikuwa amelipa kidogo. Novemba 1871, kwa tarehe za kitabu chake, Henry Morton Stanley alifika kwenye mto huohuo akiwa njiani kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Wenye mitumbwi wakachukua hongo ya kuvusha, wakavusha sehemu ya msafara, kisha wakasimamisha kazi wakadai nyongeza. Punda walivushwa kwa kuogeleshwa, kamba shingoni. Mmoja wao, punda wa Kinyamwezi aliyeitwa Simba, alipofika katikati alikamatwa koo na mamba, watu wakavuta kamba kwa nguvu zao zote, lakini wapi. Jina hilo halikumtisha mamba hata kidogo.

Ng'ambo ndiko kulikokuwa Uha yenyewe. Mwakilishi wa mtawala akamdai Stanley vitambaa 100. Wakabishana, wakashuka hadi 75. Kesho yake akakuta mkubwa mwingine anangoja cha kwake, na akaambiwa kwamba mbele wapo wengine wa aina hiyo. Mtu aliyekuwa amepita vitani Unyamwezi akaona heri akodi mwongozaji na kutoroka usiku na msafara wake wote, wakipita porini na kukwepa vijiji. Waha walikuwa wamemshinda kwa ankara.

Kituo cha ukusanyaji bado kipo.

Juu kidogo ya kivuko kulikuwa na kidimbwi cha kupendeza, kimezungukwa na miamba mipana, maji yametulia, jua limekipata sawasawa. Nesi alinusa akasema pana harufu. Mwalimu akasema ni majani yanayooza, jambo la kawaida kijiografia, akaingia kwa mguu wake uliobaki na ndala na ule usio nayo. Chini kulikuwa na kitu laini. Akakikanyaga vizuri zaidi. Kidole gumba kikazama ndani, kama kimeingia kwenye siagi, na weupe ukaanza kupanda juu ya maji.

Ilikuwa ni mihogo iliyomenywa, imepangwa ndani ya magunia ya salfeti, magunia yamekandamizwa kwa mawe ili yasielee. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Huku hulowekwa siku tatu hadi tano mpaka ichachuke na kulainika, sumu ikatoka, kisha huanikwa juani na kusagwa unga. Kiangazi ndicho msimu wa kazi hiyo, kwa sababu jua ni la uhakika. Harufu ile ilikuwa inatangaza kwamba mihogo imekaribia kuiva.

Mwenye mihogo alitokea na beseni kichwani. Nesi, mwenye akili zake, aliwahi: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ninyi mnaooga kwenye ugali wangu mmetoka wapi?"

Mhasibu akaanza kusema ni wageni, hawakujua. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamtazama mwalimu ambaye mguu wake ulikuwa bado ndani ya chakula, akamgeukia mzee na kumwambia maneno ya Kiha yaliyomfanya mzee acheke mpaka akaishikilia fimbo kwa mikono miwili. Kisha akawaeleza kwa Kiswahili utaratibu wa kijito: kuchota maji ni juu kabisa, kuloweka kunafuata, kufua na kuoga ni chini. Kila mtoto wa kijiji anaujua. Kosa likalipwa kwa mche wa sabuni na chapati zote zilizookolewa kichwani mwa mhasibu. Kwa viwango vya mwaka 1871, walipunguziwa sana.

Kijana wa kompyuta alikuwa bado hajalipa chochote, raba zake bado nyeupe, na jambo hilo alilisema kwa sauti. Alivaa jinzi na fulana, vyote vya bluu. Njia ya kuelekea vidimbwi vya chini ilipita kwenye miombo inayokumbatia kijito, na humo wakaanza mbung'o. Mbung'o hupenda bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wakawaacha wenzake wa kaki na kahawia, wakahamia kwake, na nguo haikuwa kizuizi, kwani mdomo wa mbung'o hupenya jinzi.

Wakazi wa Kibondo wana sababu ya kutomchekea mdudu huyu. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Uha kutoka kwenye vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja, kwa sababu ya ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o. Mashamba yalirudi kuwa pori, na mbung'o wakarithi. Mzee alikuwa akiyasimulia hayo polepole, lakini msikilizaji wake mkuu alikwishatoka mbio.

Alikimbia nje ya njia, akipunga mikono, akaingia moja kwa moja kwenye kichaka cha upupu. Upupu wa Julai umekauka, na vinyweleo vya maganda yake hupeperuka kwa kuguswa tu. Havisababishi kidonda, ila huleta muwasho unaomfanya mtu mwenye shahada azungumze na mti. Mzee alipiga kelele kwamba asijikune, angoje apakwe majivu. Hakungoja. Chini ya kichaka kulikuwa na kidimbwi, kipana na kirefu kwenda chini, kile hasa walichotoka Kasulu kukitafuta, naye akajitupa ndani na jinzi, raba na simu mfukoni.

Aliibuka akicheka. Baada ya muda akaacha kucheka, akashika mfuko.

Jioni simu ilizikwa kwenye mchele, kama desturi inavyotaka. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwashauri wateja wake waache mtindo huo, kwa kuwa chembechembe za mchele zinaweza kuiharibu simu, na badala yake waiache mahali penye hewa. Simu ile ilitoka kwenye mchele ikiwa imekufa kama ilivyoingia. Mchele ulipikwa.

Wengine waliogelea kwa raha, na haki isemwe: kidimbwi kile kilikuwa kizuri. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata usingizi, mwamba una joto la kulalia, na mzee alikwishathibitisha kwamba pale hapana mamba. Nesi peke yake alikaa mwambani akila karanga. Alipoulizwa, akajibu: "Kichocho." Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani pembeni, na vijidudu wanaowatoa huwa wengi zaidi mchana, saa zilezile binadamu anapoona joto. Huhitaji dakika chache tu kupenya ngozi, bila kuuma.

Kesho yake kijana wa kompyuta alikuwa dukani akiulizia praziquantel, ile dawa ambayo wanafunzi hupewa shuleni kwa kupimwa urefu kwenye fimbo. Nesi alimrudisha nyumbani. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa na haiwezi vizuri michanga, na mayai hayaonekani kwenye choo wiki ya kwanza. Asubiri. Mwezi huo wote ofisi zenye printa mbovu zilipata habari kamili za choo chake.

Anayetaka kwenda naye aende Julai au Agosti, maji yakiwa mafupi. Avae kaki, afunge kiatu kisigino, simu aiache kwa dereva. Habari za mamba amuulize mtu anayechota maji mahali palepale, kwa kuwa wa kijiji cha pili anajua mamba wa kijiji cha pili. Dimbwi lililotulia aulize lina nani. Baada ya wiki sita hadi nane aende zahanati kupima, na amwambie tabibu waziwazi kwamba aliogelea mtoni. Asipomwambia, atapimwa malaria na kurudishwa nyumbani.