Mhadhara wa Utupu

Waheshimiwa mafundi wa viyoyozi, wasaidizi wa mafundi, na ninyi mnaoshika ngazi, kaeni. Aliyekalia mtungi wa gesi ashuke, mtungi si kigoda. Feni isogezwe huku mbele, maana kiyoyozi cha humu ndani leo hakijisikii vizuri. Nilikifunga mimi mwenyewe, kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa la ufundi. Litakuwa umeme.

Mnanifahamu. Mimi ndiye Bingwa wa Vakyumu wa Kariakoo na vitongoji vyake, cheo nilichojitunuku mwaka juzi baada ya kuona wenye mamlaka ya kutunuku wanachelewa. Leo nafundisha somo ambalo wengine wamelikwepa kwa woga: namna ya kuoanisha ukubwa wa pampu na unene wa mpira wakati wa kutoa hewa kwenye mashine. Kitaalamu hii ni elimu ya utupu. Nasema utupu wa paipu. Mama uliyeleta chai, rudi tu, na usimzibe mtoto masikio.

Nianze na nasaba yangu. Mwaka 1643 huko Italia, Torricelli alisimamisha zebaki ndani ya mrija wa kioo, ikasimama kimo cha sentimita 76, na juu yake pakabaki patupu. Ndipo watu wakajua kuwa hewa ina uzito na inatukandamiza sote, fundi na mteja. Akafuata Otto von Guericke, meya wa Magdeburg kule Ujerumani, aliyebuni pampu ya kutolea hewa. Mwaka 1657 alikutanisha mabakuli mawili makubwa ya shaba, akayanyonya hewa, akafunga farasi 8 upande huu na 8 upande ule. Wanyama wakatoka povu, mabakuli hayo yameng'ang'aniana. Baada ya Guericke nimefuata mimi.

Pampu yangu mnaiona pale. Msaidizi wangu huibeba kama anayebeba mbuzi aliyegoma. Inavuta futi za ujazo 12 kwa dakika, yaani lita 340 hivi. Sasa, mashine ya chumbani ya BTU 9,000, ukijumlisha nafasi yote iliyomo ndani ya paipu zake, ni lita chache tu. Zingeingia kwenye kidumu cha mafuta ya kula cha lita 5 na nafasi ikabaki. Kwa hesabu, pampu hii inaipitia hewa hiyo yote ndani ya sekunde moja.

Naam, kijana uliyekaa karibu na feni, umenyoosha mkono.

Anauliza: kama ni sekunde moja, mbona wiki iliyopita Mikocheni tulikaa dakika 40?

Swali zuri sana. Kaa chini.

Kabla sijalijibu, nataka kuwatia adabu wale wanaoona vakyumu ni mbwembwe. Wapo humu, nawaona. Wao wakishafunga kopa na kukaza nati, wanafungua gesi kidogo, wanaachia upande wa pili mpaka isikike *fsss*, wanasema hewa imetoka. Mimi nilikuwa hivyo enzi za gesi ya R22, kabla sijawa bingwa. Kwanza, gesi hiyo unayoipuliza angani si mvuke wa chai: kilo moja ya R410A hupasha joto dunia kuliko kilo 2,000 za kaboni dioksaidi, na ndiyo sababu mataifa yalikaa Kigali mwaka 2016 kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. R32 nayo inashika moto, na wewe unaipuliza na sigara mdomoni. Pili, *fsss* haiondoi unyevu. Na unyevu, ndugu zangu, ndio mwenye nyumba wa mji huu. Chumvi ya Dar mwezi wa tatu inashikana ndani ya kikopo chenye kifuniko; mnadhani paipu iliyokaa wazi siku mbili juu ya paa imebaki kavu?

Maji hayo hayatoki kwa kupulizwa. Yanatoka kwa kuchemshwa, tena bila jiko. Hapa kwetu, kando ya bahari, hewa inakandamiza kwa milimita 760 za zebaki, na sufuria inachemka kwenye nyuzi 100. Punguza mkandamizo huo hadi milimita 32 hivi, na maji yatachemka kwa nyuzi 30, yaani kwa joto la kawaida la sebuleni kwako. Sisi mabingwa hatuhesabu kwa milimita, tunaigawa milimita moja mara elfu na kila kipande tunakiita mikroni. Kwa hiyo hewa ya nje ni mikroni 760,000. Maji ya nyuzi 30 huanza kuchemka kwenye mikroni 32,000. Na fundi mwenye heshima haondoki mpaka ashuke chini ya 500.

Ukiyaacha maji humo, hukutana na mafuta ya kompresa ya mashine za siku hizi, ambayo huyanywa kama mtu aliyefungua saumu. Kinachozaliwa ni asidi. Asidi inatafuna nyaya za mota taratibu, na miezi kadhaa baadaye kompresa inaungua. Nina ushahidi. Mteja mmoja, ambaye simtaji jina kwa sababu bado ananitafuta, kompresa yake iliungua mwezi wa nne baada ya mimi kumfungia. Nilimweleza kuwa kompresa zina ajali zao.

Kijana, shusha mkono. Nakuja huko.

Ukubwa wa pampu. Kuna kanuni ya kienyeji ya mafundi wa Marekani: chukua futi za ujazo za pampu kwa dakika, zidisha kwa zenyewe, jibu ndilo kikomo cha tani za mashine unayoweza kuihudumia. Tani moja ya kupoza ni BTU 12,000 kwa saa. Pampu ya futi 3 inatosha tani 9. Ya futi 6 inatosha tani 36. Yangu ya futi 12...

Asante kijana, sikukuomba ukokotoe. Ndiyo, tani 144. Ndiyo, naitumia kwenye mashine ya robo tatu ya tani. Mteja akiona pampu ndogo anapunguza bei! Haya mambo hayafundishwi VETA.

Tena pampu kubwa ina maajabu yake. Siku moja niliitwa kwenye chila ya hoteli fulani, bomba la ndani limepasuka na maji yameingia upande wa gesi. Niliifungia pampu yangu kwa paipu nene, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, nikawasha. Maji yalichemka kwa kasi, na maji yakichemka hivyo yanajinyang'anya joto yenyewe, yakapoa, yakapoa, na mikroni ziliposhuka chini ya 4,600 yakaganda. Barafu ndani ya bomba, mchana wa Dar, bila friji! Nani kati yenu amewahi? Ilituchukua siku tatu kuitoa, maana barafu haichemki, inavukiza kwa uvivu. Baadaye niliambiwa ningemwaga kwanza maji yanayomwagika, nikapitisha naitrojeni kavu, nikavuta polepole. Ningefanya hivyo, leo nisingekuwa na hadithi.

Sasa mpira. Chukueni huu wa njano uliokuja na seti ya geji, angalieni tundu lake. Robo inchi. Kidole kidogo hakiingii. Katika miaka ya 1840 daktari mmoja Mfaransa, Poiseuille, aliyekuwa akichunguza damu inavyopita kwenye mishipa myembamba, alionyesha kuwa kipenyo cha mrija kikiongezwa mara mbili, kinachopita hakiongezeki mara mbili wala mara nne, bali mara 16. Urefu nao unadai chake: mpira ukiwa mrefu mara mbili, unapitisha nusu. Mwaka 1909 Mdenmaki Knudsen akaeleza mambo yanavyokuwa hewa ikiisha kabisa, chembe chembe tu zimebaki: huko kuongeza kipenyo mara mbili kunakupa mara 8. Sisi kwenye mikroni mia kadhaa tuko njiani kutoka kwa Mfaransa kwenda kwa Mdenmaki. Chagueni mnayemtaka, wote wawili wanaucheka mpira wa njano.

Mnaona usingizi. Basi niwapeleke harusini.

Ukumbi una watu 800 na mlango mmoja. Sherehe ikiisha, watu wanasukumana, wa nyuma anamsukuma wa mbele, na hata mlango mwembamba unatema watu kwa kasi. Hiyo ndiyo dakika ya kwanza ya vakyumu: pampu inanguruma, inatoa moshi wa mafuta, mteja anafurahi. Lakini saa nane usiku wamebaki wajomba kumi. Hakuna anayemsukuma mwenzake. Mmoja anagonga meza, mwingine anakumbatia spika, wa tatu anatembea kutoka ukuta huu hadi ule. Atatoka lini? Siku akibahatika kuupata mlango. Sasa hata ukiweka mlangoni mabaunsa kumi badala ya mmoja, mjomba hajui. Baunsa hamvuti mtu. Kazi yake ni kuhakikisha aliyetoka harudi. Pampu ndiyo baunsa, waheshimiwa. Ukitaka wajomba waishe, panua mlango.

Mfano huu wa harusi ni wangu. Mkisikia kijana huyu anausimulia kwingine, jueni ameuiba, ingawa aliwahi kuutaja kidogo kwenye daladala wiki iliyopita.

Halafu kuna jambo dogo ambalo nimelivumbua juzi. Kwenye koki ya mashine ya nje, pale tunapofunga mpira, ndani kuna sindano yenye springi. Ni ndugu yake ile ya tairi la bodaboda. Mpira ukikazwa unaibonyeza, hewa inapita pembezoni mwake, kwenye upenyo unaozidi kidogo unene wa uzi. Unaweza kuwa na pampu ya tani 144, ukaja na mpira mnene kama mkono wa mtoto, na bado mjomba wa mwisho anapita kwenye tundu la sindano.

Nenda Tandika, kwa fundi pancha yeyote. Akitaka tairi liishe upepo, anabonyeza sindano kwa msumari dakika kumi? Hapana. Anatia kile kifunguo chake, anazungusha mara tatu, anaitoa sindano yote, *puuu*, tairi limelala. Hajasoma Poiseuille. Mafundi wa viyoyozi tuna geji, sare na kadi za biashara, na sindano tunaiacha mahali pake. Vipo vifaa vidogo vyenye koki vinavyoitoa sindano ile bila kuingiza hewa na kuirudisha kazi ikiisha. Bei yake haifiki hata karibu na ya pampu yangu. Kijana huyu anacho. Mjomba wake ni fundi pancha.

Basi niseme yaliyotokea Jumamosi, kwa kuwa mtayasikia kwingine yakiwa yameongezwa chumvi. Nyumba moja, mashine mbili pacha. Mimi nikachukua ya sebuleni: pampu ya futi 12, geji, mpira wa njano, sindano ndani. Kijana akachukua ya chumbani: kapampu ka kuazima ka futi 3, mpira mmoja mfupi wa nusu inchi moja kwa moja hadi kwenye koki, sindano mkononi mwake. Mshale wa geji yangu ya bluu ulifika chini kabisa mapema sana, nikatangaza ushindi. Nyie mnajua mshale ule: ukishafika chini hauwezi kukwambia kama ndani kuna mikroni 20,000 au 500, wenyewe umeshalala. Mwanafunzi wangu aliyeko Nairobi aliwahi kunipigia simu akilalamika kuwa mshale wake haufiki hata sentimita 76, unaishia kwenye 62 hivi. Nikamwambia anunue pampu kubwa zaidi. Sikukumbuka kuwa kule nyanda za juu hewa yenyewe ya kutoa ni pungufu. Alinunua. Sasa anazo mbili.

Kijana akatoa geji ya mikroni ya kidijitali. Mimi pia ninayo, ila huifunga mdomoni mwa pampu, ambako husoma namba nzuri zaidi. Akasema kwa adabu kuwa hiyo ni kupima homa ya mtoto kwa kuweka kipimajoto kwapani mwa daktari. Akaifunga kwenye mashine, mbali na pampu. Yake, baada ya dakika 12: mikroni 380. Akafunga koki, akazima, akangoja robo saa. Ilipanda kidogo ikatulia. Ingepanda ikasimama juu, ni unyevu uliobaki. Ingepanda bila kusimama, kuna mahali panavuja. Kisha akaihamishia kwenye yangu. Ilisoma 4,100. Tena mafuta ya pampu yangu yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mafuta yale nimekaa nayo tangu nilipoinunua, tumezoeana.

Niliona ni busara kutoa mhadhara huu kabla yeye hajatoa wake.

Maswali sichukui. Ada ya kuhudhuria mlipe kwa mama wa chai. Kijana, huo mpira wako mnene na kile kifaa cha kutolea sindano viache hapa mezani, nitavihitaji kwa utafiti wangu. Na kabla hujaondoka, panda ngazi ukitazame hiki kiyoyozi. Ni umeme, lakini kitazame. Nenda na ile geji yako.