Tumefungwa, Hela Kala Nani?

Timu yetu ya hapa Ziwani, Mtwara, ikifungwa Jumapili, Jumatatu asubuhi hakuna anayewahi shamba. Palizi ya mikorosho itasubiri. Kwanza tukutane kwa muuza kahawa, tumtafute mchawi. Jina la timu silitaji, maana wachezaji wake wana wake na watoto, na wengine ndio kwanza wanatafuta wachumba. Itoshe kusema inacheza ligi ya wilaya, na msimu huu anayetaka kuiona kwenye msimamo asijisumbue kuanzia juu.

Kikao cha kahawa hakina mwenyekiti, ila utaratibu kinao. Anayefungua ni mwalimu mstaafu, kwa sababu ndiye mwenye miwani. Hoja yake haibadiliki: vijana hawajitumi. "Wanaufuata mpira kama watu wanaokwenda kwenye msiba wa jirani wasiyeelewana naye," husema, kisha huweka kikombe chini ili tusidhani anatania. Enzi zake, kwa maelezo yake mwenyewe, mtu alicheza dakika tisini peku, juani, na jioni akatafuta kuni. Waliocheza naye, wale wachache waliobaki, wanasema alikuwa mshika kibendera.

Mwalimu akinyamaza anapokea mjomba wa bodaboda. Kwake yeye ubovu wote ni wa kocha. Kocha wetu ni fundi cherehani, na ukweli ni kwamba alipewa timu kwa kuwa alikubali kushona namba za jezi bure. Anapenda kujaza viungo katikati, halafu beki anabutua mpira unapita juu ya vichwa vyao wote, nao wanausindikiza kwa macho. Tuliwahi kumfukuza. Haikupita muda namba zikaanza kubanduka, tukacheza na kaka mmoja mwenye saba mgongoni iliyobaki kijiti kimoja, mwamuzi akimwandika kadi kwa jina la mtu mwingine. Tukamrudisha fundi kwa heshima zote na nyuzi mpya.

Nahodha wa mashua yeye huwa anasubiri. Akishamaliza kashata yake ndipo anaposema kwamba tatizo si kocha wala juhudi, tatizo ni mwezi. Na hapa, ndugu msomaji, nahodha ana hoja.

Kipa wetu ni mvuvi wa pweza. Kijana hodari, mikono mirefu, haogopi kuruka. Lakini likiingia bamvua, maji yakatoka mpaka miamba ikabaki wazi, hata umpigie tarumbeta haji uwanjani. Pweza anauzwa kwa kilo, na hela mkononi. Mechi bila kufungwa bao haijawahi kupimwa kwenye mzani wa mnunuzi yeyote. Kwa hiyo mwalimu aliwaandikia wapanga ratiba barua ya heshima na taadhima, akiomba mechi zetu za nyumbani ziwekwe siku za maji mafu. Barua haikujibiwa. Nadhani walioisoma walidhani ni kafumbo.

Basi mechi moja ya nyumbani ikaangukia bamvua. Kipindi cha kwanza golini alisimama beki wa kulia, tukala tatu. Kipindi cha pili kimeshaanza, kipa akatokea upande wa mikorosho, kaptula imelowa, begani kipande cha kamba chenye pweza watatu. Hakwenda hata kubadilisha nguo. Alivaa jezi, akawatundika pweza wake kwenye kona ya nyavu, pale juu, akapiga makofi mawili na kuanza kupanga mabeki. Watu wakashangilia. Akaokoa shuti la kwanza, la pili, na la tatu kwa ncha za vidole. Tukaanza kuamini.

Ikaja kona. Mpiga kona wa wageni anarudi nyuma apige, na mbwa naye akawa ameshaingia golini kwa nyuma, palipochanika nyavu. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akang'ata mkia wa kamba, akavuta. Mzigo ukaporomoka. Kipa akageuka. Nani asingegeuka? Mbwa huyo kuelekea barabarani na pweza watatu, kipa nyuma yake na glovu mikononi, na kona ikaingia moja kwa moja bila kuguswa na kiumbe yeyote. Mwamuzi akaonyesha kati.

Shauri la bao lile halijafungwa mpaka leo. Mjomba wa bodaboda anasema mbwa ni kitu cha nje, mpira ulipaswa kusimamishwa. Mwalimu, mshika kibendera yule, anajibu kwamba mbwa hakugusa mpira wala hakumziba kipa. Alimwita tu, na kipa akaitika kwa hiari yake. Mimi nasimama na kipa. Asingemkimbiza mbwa yule, pale nyumbani wangekula nini usiku, mabao yetu?

Mimi mwenyewe katika timu ni katibu mwenezi, cheo ambacho hakina posho wala mpinzani. Kazi yangu ni kupita na spika kwenye bodaboda nikitangaza mechi. Spika si ya timu. Huazimwa kwa kijana anayeuza dawa ya panya, na humo ndani kuna sauti yake aliyoirekodi. Siku tulipokuwa na mgeni rasmi, wageni wamejipanga mstari wanasubiri kukaribishwa, nikabonyeza kitufe ili niseme, spika ikanitangulia: wanakufa baba, wanakufa mama, wanakufa na watoto, hawaendi mbali, wanakufa hapo hapo! Nilivyozidi kubonyeza ndivyo ilivyozidi kuua. Timu ngeni ikaandika malalamiko kwamba imetishiwa maisha. Mgeni rasmi alinunua pakiti mbili.

Kwenye uongozi ndiko kahawa inakochemkia hasa. Timu ya ligi ya wilaya hesabu zake ni daftari moja la shule, la kurasa themanini na nane, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mweka hazina hulitembeza kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha kuzaliwa. Katika mkutano wa mwisho tulimtaka alisome mbele ya watu, akasoma. Maji ya kunywa, elfu nane. Chokaa ya mistari, elfu kumi na mbili. Nauli ya mwamuzi, elfu kumi na tano. Soda ya mwamuzi, elfu ishirini. Hapo watu walikohoa, lakini tukamwacha aendelee. Kamati ya ufundi, elfu arobaini na tano.

Kimya. Kila Mtanzania anayefuata mpira anajua kamati ya ufundi haina uhusiano na kocha. Ni wale wazee wanaokwenda uwanjani usiku wa kuamkia mechi, na asubuhi timu inakatazwa kupita mlangoni, inaruka ukuta. Sisi ukuta hatuna, tuna kamba, kwa hiyo wachezaji waliambiwa waingie kinyumenyume, na winga wetu wa kushoto akatumbukia kwenye shimo la taka kabla mpira haujaanza. Tulifungwa tatu. Mjumbe aliporudi kwa mtaalamu kudai hela, akaambiwa wenzetu walitoa elfu sitini.

Pale mkutanoni alisimama mama muuza ming'oko. Hakuuliza habari za uchawi. Aliuliza hiyo elfu arobaini na tano ilitoka wapi, ikiwa kapu la kiingilio siku ya mechi ile lilikuwa na elfu kumi na moja. Mweka hazina akalifunga daftari, akasema ukurasa unaofuata umelowa.

Pia kulikuwa na suala la mamluki. Miaka ile mto Ruvuma ulipokuwa ukivukwa bila maswali mengi, viongozi walileta mshambuliaji kutoka ng'ambo, Msumbiji. Kimakonde anakijua kuliko sisi, Kiswahili cha kubabaisha. Kadi ikaandikwa mzaliwa wa Ziwani, mhitimu wa shule ya msingi ya hapa hapa. Akafunga mawili mechi ya kwanza. Msimamizi wa mechi akamwita, akamsifu, akamuuliza kwa upole mwalimu mkuu wake alikuwa nani. Kijana akatabasamu, akajibu kwa adabu zote: "Obrigado." Tukapokwa pointi, na mabao yake mawili yakarudi ng'ambo kwa mtumbwi.

Mambo ya nyumbani yakituchosha, wazee hupanda daraja, wakaijadili Ndanda. Hapo hakuna anayeondoka. Tarehe 20 Septemba 2014 Ndanda FC ilicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, ugenini Shinyanga, ikaitandika Stand United 4-1, na kwa wiki moja jina la Mtwara likakaa kileleni mwa Tanzania Bara. Kinyozi wetu alibandika ukurasa wa gazeti wenye msimamo ule. Mpaka leo ukikaa kwenye kiti chake ndio unaoutazama, na hakubali mtu amwambie kwamba kuna mechi nyingine zilifuata.

Zilifuata. Ndanda ilikaa Ligi Kuu misimu sita, ikashuka 2020. Kilichouma zaidi ni kwamba msimu ule ule Namungo ya Ruangwa, jirani zetu wa Lindi waliokuwa wamepanda juzi tu, walimaliza wa nne na kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga. Mwalimu ana jibu la mkato: Ruangwa ni kwao Kassim Majaliwa, waziri mkuu wa wakati ule; timu ikitaka kupanda kwanza ijipatie waziri mkuu. Nahodha akamkumbusha kwamba sisi tulitoa rais mzima, Benjamin Mkapa, mtu wa Lupaso, Masasi. Mwalimu akasema ndiyo, na uwanja wenye jina lake uko Temeke. Mjomba wa bodaboda akadakia kwamba gesi ya Msimbati nayo tangu 2015 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba, na yeye anaamini pointi zetu zinapita humo humo.

Nacheka, lakini jiografia haichekeshi. Kutoka Mtwara kwenda Bukoba, Ndanda ilikokuwa ikicheza na Kagera Sugar, ni kilomita zinazokaribia 2,000, na kurudi ni hizo hizo. Timu ya Dar es Salaam inacheza mechi kadhaa za ugenini bila kuvuka daraja. Timu ya kusini kila ugenini ni safari ya kuaga. Wazee wanakumbuka kabla ya Daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa 2003, watu walilala kwenye foleni ya pantoni. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, tulikumbushwa tena kwamba sisi ni mwisho wa barabara. Aliyekaa kwenye basi siku mbili hawezi kujituma kwa kiwango cha mwalimu mstaafu.

Ila kuna jambo kijiweni hatulisemi, na siku moja alilisema yule mama wa ming'oko akiwa anamenya. Tarehe 9 Mei 2015, mechi ya mwisho ya msimu ule, Ndanda iliifunga Yanga 1-0 pale uwanja wa Nangwanda Sijaona. Mkoa mzima ulipaswa kulala barabarani. Mjomba wa bodaboda alirudi Ziwani amevaa jezi ya kijani na njano, amenuna, hakula. Mpaka leo anasema Yanga walikuwa wameshachukua ubingwa, hawakukaza. "Sasa wewe mjomba," mama akamuuliza, "Ndanda ilipanda wewe ukiwa wapi, na iliposhuka ulishuka nayo?" Mjomba akatazama pikipiki yake.

Hatuko peke yetu. Simba na Yanga wakija Mtwara uwanja unajaa, halafu nusu ya wenyeji wanashangilia wageni. Wakiondoka, wanaondoka na shangwe, na timu ya nyumbani inabaki na watu wa kuihoji. Jezi ya Simba tunanunua bila kuulizana. Jezi ya timu ya kata tunaiita mchango, na mchango una kikao, na kikao kina akidi. Uongozi wetu una makosa yake, daftari lile lililolowa bado nalidai, na soda ya elfu ishirini nitaiuliza mpaka kaburini. Lakini nimesimama mlangoni na kapu. Wanaopiga kelele kwamba hela zimeliwa, wengi wao ni wale wanaotazama mpira kutoka juu ya mikorosho, na wa juu ya mkorosho halipi. Kilicholiwa ni kidogo mno kuweza kumshibisha mwizi wa maana.

Jumamosi tunacheza nyumbani, saa kumi kamili. Maji ni mafu, kipa yupo. Spika nimeijaribu mwenyewe. Kiingilio ni shilingi 500, watoto wa shule bure. Tunaomba mteremke mikoroshoni mpite kwenye kamba, na mwenye mbwa amfunge.