Methodi Ipo, Ila Haipo

Chama kimoja cha ushirika wa tumbaku hapa Tabora kina mfumo wa malipo ulioandikwa kwa Java ya EJB 2, enzi za mafaili mengi na subira nyingi. Msimu wa malipo, karani akabofya ukurasa mpya wa makato ya pembejeo. Kompyuta ikajibu kwa Kiingereza cha kufoka: methodi kokotoaMakato haijulikani.

Nikaitwa. Nikafungua bini ya kikao (session bean), methodi hiyo hapo, imenona, mistari arobaini.

"Ipo, Mzee," nikamwambia mwenyekiti.

"Kama ipo, kijana, mbona haifanyi kazi?"

Swali la haki. Katika EJB 2, anayeita hapewi bini yenyewe. Hupewa wakala, na wakala anajua yaliyoandikwa kwenye kiolesura (interface) tu. Bini, kwa kawaida, haitangazi kwamba inatekeleza kiolesura hicho, hivyo kikusanyaji (compiler) kinapitisha kila kitu kimya kimya, kama mlinzi aliyelala getini. Fundi aliyenitangulia alijaribu ubabe: akalazimisha wakala ageuke bini. Akavuna ClassCastException, akapanda treni ya Mwanza.

Nikaongeza methodi kwenye kiolesura, pamoja na RemoteException yake, nikapakia upya. Kosa lile lile! Hapo mwenyekiti akavuta kiti.

"Livingstone alikaa Kwihara toka Machi hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Usitufikishe huko, mwanangu."

Kwihara iko jirani, na kwa historia mzee huyu hashindwi. Nikapekua folda ya lib ya seva, nikakuta jar kuukuu yenye kiolesura cha zamani, na seva ilikuwa ikiisoma hiyo kwanza. Nikaifuta, nikafuta na kurasa za JSP zilizokwisha kukusanywa, nikawasha seva upya.

EJB 3.0 ya mwaka 2006 ilipunguza usumbufu huu, na 3.1 ya 2009 ikaruhusu bini isiyo na kiolesura kabisa. Lakini uhamisho unataka bajeti, na bajeti inataka kikao. Kwa hiyo nikaandika kiolesura cha kawaida, kile cha mbali (remote) kikakirithi, na bini ikatekeleza hicho cha kawaida. Sasa methodi ikikosekana kwenye bini, kikusanyaji kinapiga kelele mapema.

Jioni ile makato yakaonekana, yote, hadi ya mbolea. Wakulima walipoyasoma wakauliza kama kosa lile haliwezi kurudishwa.