Waya Hupotea, Maji Hayapotei

Miongoni mwa Waingereza wanaonunua magari ya mizigo yaliyochakaa, kama vile Fiat Ducato na Mercedes Sprinter, na kuyageuza kuwa vyumba vya kulala safarini, hakuna kazi inayoahirishwa kwa visingizio vingi kama kutoboa paa ili kupitisha nyaya za paneli ya sola. Mtu aliyekwisha kukata ubavu mzima wa gari kwa msumeno ili aweke dirisha, tena kwa furaha, hupanda ngazi na drili mkononi, akapima, akashuka, akanywa chai, kisha akapima tena, ilhali tundu linalotakiwa halizidi upana wa kidole gumba.

Kwa upande wa umeme hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwani paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 hutoa takriban ampea 5 hadi 6 jua likiwa kali, na waya wa shaba wa milimita za mraba 4 huubeba mkondo huo mita chache pasipo kupoteza hata nusu volti. Ila paneli haina swichi. Ikipata mwanga tu huanza kuzalisha, na ndiyo maana mafundi huifunika blanketi, wakaunganisha betri kwanza kwenye kidhibiti chaji, yaani kifaa kinachoilinda betri isijazwe kupita kiasi, ndipo nyaya za paneli zifuate. Mwenye haraka hufanya kinyume, kisha hukilaumu kiwanda.

Kizaazaa huanzia ndani. Kati ya bati na dari ya mbao kuna mbavu, yaani mihimili myembamba ya chuma inayoimarisha paa, pamoja na sufu ya kuzuia baridi, na katika giza hilo waya unaosukumwa kutoka juu hujikunja, hugonga ubavu, hurudi ulikotoka, au huchomoza kwenye kabati la vyombo, mbali kabisa na betri. Aliye juu huuliza kwa sauti, "Umeuona?", na aliye ndani hujibu kwamba ameona mkia wa kitu fulani; na wawili hao wakiwa wachumba, uchumba usiohimili mazungumzo hayo, kwa kweli, haukuwa tayari kwa safari ndefu.

Maji hayahitaji msaidizi. Hufuata ubavu ule ule uliokwamisha waya, hupinda pale waya ulipokataa kupinda, yakatokea juu ya mto wa kulalia, jambo lisilomshangaza yeyote aliyewahi kuishi chini ya bati lililopigwa msumari vibaya. Mwenye gari huongeza silikoni ya bafuni, ile yenye harufu ya siki, ambayo asidi yake hula chuma, badala ya kuchunguza glandi, yaani kikombe chenye mpira wa kubana waya, ambacho tundu lake la duara haliwezi kuziba vyema likipitishiwa waya bapa wa njia mbili. Wapo pia wanaogundua, baada ya mirija kadhaa ya gundi, kwamba matone hayakutoka nje kamwe, bali ni pumzi zao wenyewe, zilizogeuka maji usiku zilipogusa bati baridi. Na dawa ya hali hiyo ni feni ya paani, ambayo kwa kawaida huhitaji tundu la sentimita 40 kwa 40.