Kuagiza Kahawa Starbucks Bila Kutoka na Ndoo ya Maziwa

Kipimo kidogo kuliko vyote kwenye ubao wa Starbucks kinaitwa Tall, yaani kirefu. Mtu mzima mwenye akili zake timamu anasimama kwenye foleni, anausoma ubao mara mbili, na anaanza kujishuku. Asijishuku. Kasoro ni ya ubao. Mwongozo huu ni wa Mswahili aliyeko Minneapolis, London, Dubai au Maskati, na hasa ni wa mama aliyekuja kumtembelea mwanawe ughaibuni, akapelekwa mkahawani hata kabla begi halijafunguliwa. Nataka atoke pale na kahawa aliyoikusudia, si na kile alichosukumiwa na haya ya kuuliza.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Kampuni ni ya Marekani, kwa hiyo hupima kwa aunsi. Tall ni aunsi 12, sawa na mililita 355. Grande ni aunsi 16, mililita 473. Venti ya moto ni aunsi 20, mililita 591, lakini Venti ya baridi ni aunsi 24, mililita 710, maana barafu nayo imetengewa nafasi. Jina moja, vikombe viwili tofauti. Usibishane na mhudumu, ndivyo walivyopanga. Juu yao wote yuko Trenta, aunsi 30 hivi, karibu mililita 900. Huyo alianza kuuzwa Marekani mwaka 2011, naye ni wa vinywaji baridi tu, kama chai ya barafu na kahawa iliyolowekwa kwa maji baridi. Ukimwona mtu anakuja na Trenta mkononi, mpishe njia. Amebeba karibu lita nzima.

Na chini ya Tall kuna Short: aunsi 8, mililita 237, ya vinywaji vya moto. Mara nyingi hutaiona ubaoni. Ipo. Nitarudi kwake, kwa sababu ndiyo ninayokutakia.

Mambo yalifikaje hapa? Starbucks ilifunguliwa Seattle mwaka 1971, na katika miaka yake ya mwanzo biashara ilikuwa kuuza buni iliyokaangwa, mteja akajipikie nyumbani. Howard Schultz aliajiriwa mwaka 1982. Mwaka uliofuata alikwenda Milan, akakuta Waitaliano wamesimama kaunta wakinywa espreso na kupiga soga, akarudi na moto kifuani. Wenye kampuni hawakuwaka naye. Akatoka, mwaka 1986 akafungua mkahawa wake ulioitwa Il Giornale, na mwaka 1987 akarudi kuinunua Starbucks yenyewe. Zama hizo vipimo vilikuwa vitatu: Short, Tall na Grande. Tall alikuwa wa kati, akikaa juu ya mfupi na chini ya mkubwa, na mtu yeyote angeelewa. Katika miaka ya 1990 akaingia Venti, ishirini kwa Kiitaliano, kwa ajili ya zile aunsi 20, na Short akaondolewa ubaoni kumpisha. Kwa pigo hilo moja wa kati akageuka mdogo, na Grande, ambaye jina lake ni mkubwa, akajikuta katikati. Ukilijua hilo, ubao unaacha kukutisha. Unaona tu familia iliyompokea mgeni mnene, wenyeji wakasogezana kwenye mkeka bila kubadilisha majina.

Huko Milan kulikoanza yote, espreso ni mafunda mawili matatu, na hakuna anayeipima kwa aunsi. Starbucks ilingoja hadi Septemba 2018 ndipo ikafungua mlango wake wa kwanza Italia, katika jengo la zamani la posta pale Piazza Cordusio.

Sasa shika neno hili hata ukisahau mengine yote: ukubwa wa kikombe hausemi kahawa iliyomo. Kwa vinywaji vya espreso na maziwa, kama latte na kapuchino, kahawa huingia kwa shoti, yaani kipimo kimoja cha espreso, na shoti haziongezeki kwa kadiri kikombe kinavyokua. Kwa kawaida ya Marekani, latte ya Short ina shoti moja. Latte ya Tall nayo ina shoti moja. Grande ina mbili. Venti ya moto ina mbili vilevile. Yaani mteja anayetoka Short kwenda Tall ameongezewa aunsi 4, na tone la kahawa halikuongezeka. Anayetoka Grande kwenda Venti ya moto, hivyohivyo. Nyongeza yote ni maziwa. Kama ulitaka maziwa, hongera, umefika. Kama ulitaka kahawa, umelipia zaidi upate kinywaji chepesi zaidi.

Piga hesabu kwa kugawa aunsi kwa shoti. Short inatoa shoti moja kwa aunsi 8. Grande, shoti mbili kwa aunsi 16, nayo ni 8 kwa moja. Hao wawili wana ukali mmoja, wamepishana wingi tu. Tall ni aunsi 12 kwa shoti moja, nyepesi kuliko wote. Venti ya moto ni 10 kwa moja. Venti ya baridi ina shoti tatu kwa aunsi 24, kwa hiyo inarudi kwenye 8, ingawa sehemu ya aunsi hizo ni barafu. Kwa hiyo mwenye kupenda ladha ya kahawa katika maziwa ana njia mbili zilizonyooka: Short akiwa na kiu ndogo, Grande akiwa na kiu kubwa. Akishikilia Tall au Venti, aongeze shoti moja, na atoe pesa yake akijua anachokinunua.

Shira ndiyo inayopanda bila kukosa. Katika vinywaji vya moto hupigwa pampu 3 kwa Tall, 4 kwa Grande, 5 kwa Venti. Itazame Venti ya moto yenye vanila: kahawa ni ileile ya Grande, maziwa yamezidi, sukari imezidi. Hapa nakuomba uwe mkali kwa niaba ya mzazi wako, hasa kama nyumbani kuna mtu anayepima sukari ya damu kila asubuhi. Pampu zinahesabika, na mhudumu atapiga idadi utakayomwambia. Sema moja. Sema mbili. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kunywa pampu tano kwa sababu tu kikombe chake ni kirefu.

Si vinywaji vyote vina tabia hiyo. Amerikano, ambayo ni espreso na maji ya moto, hupanda kwa uaminifu: shoti moja kwa Short, mbili kwa Tall, tatu kwa Grande, nne kwa Venti. Kahawa ya kuchuja nayo ni ya kweli, maana kikombe kizima ni kahawa. Ila uaminifu huo una uzito wake. Venti ya kahawa ya kuchuja inaweza kufikisha miligramu 400 hivi za kafeini, na 400 ndicho kiasi ambacho mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inakitaja kwa siku nzima kwa watu wazima walio wengi. Kikombe kimoja cha asubuhi kinaweza kumaliza siku yako yote, na jioni bado utakaribishwa chai kwa jirani. Aliyezoea chai ya rangi na leo anaijaribu kahawa ya kuchuja kwa mara ya kwanza, aanze na Short, tena akiwa amekula.

Kwa nini basi Short haipewi nafasi ubaoni? Mwaka 2006 mwanauchumi wa Uingereza Tim Harford aliliuliza swali hilo katika jarida la Slate, akiitetea kapuchino ya Short kwamba ni bora kuliko zile kubwa na ni ya bei nafuu zaidi. Jibu lake ni la kibiashara. Mwenye duka anataka wasiojali bei walipe zaidi, lakini hataki kuwapoteza wanaoijali. Akiitundika ya bei nafuu mbele ya macho ya wote, hata wenye pesa wataichukua. Kwa hiyo anaiuza bila kuitangaza, na anayeijali ataiulizia. Mimi nasema uiulizie hata kama pesa si tatizo. Kapuchino ni kinywaji kidogo kwa asili yake. Povu na kahawa vinahitaji kukaribiana. Ukiutandaza mchanganyiko huo katika mililita 591, kilichobaki ni maziwa ya moto yenye harufu ya kahawa.

Nasi wa pwani tuna sababu ya ziada ya kuielewa Short haraka kuliko wengine. Kahawa chungu ya Lamu, Mombasa na Unguja hutoka kwenye dele la moto na kuingia katika kikombe kisicho na mkono, kidogo kiasi cha kukaa kwenye viganja. Anayetaka zaidi anaomba kingine. Kikombe kinakuja cha moto, kinakwisha kingali cha moto, na katikati kuna kashata na habari za mji. Kipimo cha kahawa hiyo ni ukali, na wingi wake unaamuliwa na urefu wa mazungumzo. Mtu aliyekulia kwenye baraza hiyo asikubali kuambiwa kwamba kikombe kikubwa ndicho kikombe cha watu wakubwa.

Kuna na jambo la buni yenyewe. Starbucks hununua kahawa Afrika Mashariki pia, Kenya, Tanzania na Rwanda zikiwamo, na mwaka 2009 ilifungua kituo cha kusaidia wakulima Kigali. Buni ya Kenya imewahi kuuzwa humo kwa jina la nchi yake. Ukibahatika kuikuta, inywe ikiwa imechujwa, bila maziwa, katika kikombe kidogo. Ule uchachu wake wa matunda, uliomgharimu mkulima kuchuma matunda mekundu peke yake kwa mkono, unazama katika Venti ya maziwa na hauonekani tena.

Vinywaji vya baridi vina suala lao, barafu. Aunsi zinazotangazwa ni za kikombe kilichojaa pamoja na barafu. Watu walikwenda mahakamani kwa hilo, na mwaka 2016 jaji wa serikali kuu huko California aliitupilia mbali kesi mojawapo kwa hoja kwamba hata mtoto anajua barafu hukaa mahali ndani ya kikombe. Mahakama haikukusaidia, lakini mdomo wako utakusaidia: omba barafu kidogo. Katika latte ya baridi nafasi iliyoachwa mara nyingi hujazwa maziwa, shoti zikabaki zilezile, basi usitarajie kahawa zaidi. Katika kahawa ya kulowekwa, nafasi hiyo ni ya kinywaji chenyewe, na hapo ombi lako lina faida halisi.

Sasa umefika kaunta. Kwanza taja joto, moto au baridi. Kisha kipimo, kisha kinywaji, mwisho marekebisho: shoti, shira, aina ya maziwa. Mpangilio huo humrahisishia anayepokea oda. Ukiuvuruga hakuna baya, atakuuliza. Na majina ya vipimo si lazima. Sema ndogo, ya kati au kubwa kwa lugha ya nchi uliyopo, au onyesha kikombe kwa kidole. Kazi yake ni kukuhudumia, naye huulizwa hivyo kutwa nzima. Kumbuka jambo moja tu: ukisema ndogo, huenda ukapewa Tall. Unayotaka ni Short, basi litamke jina lake.

Mwana aliyemleta mama, wewe ndiwe mkalimani, na ukalimani si kumgeuzia mzazi ubao neno kwa neno. Usimuulize, “Mama, unataka Tall au Grande?” Atajibu, “Nataka kahawa, mwanangu,” na atakuwa amesema kweli tupu. Muulize, “Ya maziwa au chungu, mama? Nyingi au kidogo? Na sukari?” Majibu hayo matatu yanatosha kupata oda kamili. Ya maziwa, kidogo, sukari kiasi: latte ya Short, pampu moja. Chungu na kidogo: espreso, ambayo pale huitwa Solo ikiwa shoti moja na Doppio zikiwa mbili. Akisema chungu na nyingi, mpe ya kuchuja, Tall, na umwachie nafasi ya maziwa juu endapo atabadili nia.

Ukiulizwa jina, taja lako. Kama unaitwa Mwanaisha, sema Mwanaisha, taratibu, silabi kwa silabi. Usijikate ukawa Ana kwa kumwonea huruma mwenye kalamu. Atakavyoliandika ni juu yake, ila ukiitwa utaitika.

Kisha onja kabla hujatoka. Kama kilichokuja sicho ulichoagiza, au kahawa haisikiki kwa maziwa, rudi kaunta useme kwa upole. Kampuni imejiwekea ahadi ya kumtengenezea mteja kingine asiporidhika, na mhudumu anaijua. Mwambie shoti ngapi ulitaka, uache kikombe cha kwanza pale, na usimame pembeni kungoja cha pili.