Dari la Gari na Kanzu ya Mkwe

Jumamosi iliyopita baba mkwe wangu aliingia msikitini kumuozesha bintiye akiwa manjano kuanzia kofia hadi ndevu, na mpaka ninavyoandika hivi mke wangu ananisemesha kwa kupitia watoto.

Tulikwenda kwa gari langu, mzee akakaa kiti cha mbele. Kanzu nyeupe ilipigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, kofia ya viua mpya, bakora katikati ya magoti. Shikamoo yangu aliipokea, dua ya safari akaisoma. Kitambaa cha dari wakati huo kilikuwa kimebonyea, na kila aliyepanda gari langu alikistahi kwa kuinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekidhibiti kwa pini za mtandio, zile zenye vichwa vya lulu, nikazipanga kwa mistari mpaka wanangu wakawa wanahesabu nyota. Tuta la kwanza la Magomeni tulilipita salama. La pili, lile lisilo na kibao wala rangi, ndilo lililotuumbua. Gari lilipotua, pini zikachomoka zote kwa pamoja, dari likashuka, na mzee akatoweka.

Ninaposema akatoweka, sitii chumvi. Palibaki bakora na magoti. Kutoka ndani ya kitambaa ikasikika sauti yake, tulivu kabisa:

"Mwanangu, hii ndiyo nini?"

"Ni dari, baba."

"Na hii inayoniingia puani?"

"Ni sponji, baba."

Nyuma huko kina mama walikuwa wanachomoa pini kwenye mabuibui, mama mkwe akileta istighfari kwa kila pini. Tulipomfunua mzee, unga wa manjano ulikuwa umemjaa kwenye kofia, nyusi na mabega. Unga ule haukung'utiki; ni laini, unanatanata, ukiusugua unazama. Shangazi akauwahi kwa leso iliyolowa maji, na hapo ndipo ulipokolea. Mlangoni pa msikiti, kijana aliyekuwa akipokea wageni alimtazama mzee, akaitazama kanzu, kisha akaniuliza kwa adabu zote kama siku hizi hata baba wa bibi harusi naye husingwa.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa sponji. Watu hudhani kitambaa ndicho kilichochoka. Kitambaa hakina kosa. Dari la gari la kisasa ni vitu vitatu: chini ya bati kuna ubao mwepesi uliofinyangwa kufuata umbo la paa, chini ya ubao kuna sponji nyembamba ya poliyurethani, milimita 3 hivi au zaidi kidogo, kisha ndiyo kitambaa tunachokiona. Kiwandani, kitambaa na sponji mara nyingi huunganishwa kwa moto: mwali hupitishwa kwenye uso wa sponji, uso ukayeyuka kidogo tu, kitambaa kikabanwa papo hapo vikashikana. Upande wa pili wa sponji ndio unaogundishwa kwenye ubao. Maana yake ni kwamba kitambaa hakijawahi kuugusa ubao hata siku moja. Kimeishika sponji, na sponji ndiyo iliyoushika ubao.

Poliyurethani yenyewe ilianzia Ujerumani mwaka 1937, mikononi mwa mkemia Otto Bayer na wenzake, na nikiwa nimetulia nakiri ni kitu cha ajabu: minyororo mirefu ya molekuli iliyojaa mapovu ya hewa, laini, nyepesi, yenye kumeza kelele za barabarani. Adui zake ni unyevu, oksijeni na joto. Unyevu huikata minyororo, oksijeni huitafuna, joto huzichochea kazi zote mbili. Gari lililoachwa juani, joto la ndani huweza kupita nyuzi 60, na dari ndilo lililokaa chini ya bati lenyewe. Sasa fikiria Februari ya Dar es Salaam, pale hata chumvi mezani inalowa. Sponji inaoza taratibu bila kumwambia mtu, mpaka inakuwa unga, huku kitambaa bado kizima, hakina hata tundu, ila hakina tena cha kushikilia.

Ndiyo maana dawa zote tunazogawiana bure kwenye maegesho hazina maana. Ukichoma gundi kwa sindano kupitia kitambaa, gundi inaushika unga, na unga haujashika chochote, utaambulia madoa. Volkswagen za zamani, zile za mgongo wa kobe, hazikuwa na balaa hili: kitambaa chake kilitandwa kwenye nyaya zilizopinda chini ya paa. Kilichanika, naam, lakini hakikumfunika mtu.

Fundi wa Gerezani alisikiliza yote haya kwa heshima, kisha akasema, "Bosi, hiyo ndogo." Kinachotakiwa ni ubao wote utoke. Kwanza taa ya ndani, vizuia jua, mikono ya kushikilia, plastiki za kwenye nguzo, na klipu ambazo baada ya miaka hiyo yote hukatika ukizitazama tu. Kwenye magari mengi ubao huo huingizwa kiwandani kabla kioo cha mbele hakijafungwa, kupitia uwazi wa kioo. Kuutoa baadaye ni kulaza viti na kuupitisha mlangoni kwa kuuomba, maana ukivunjika hapo umepata ugonjwa mpya. Kisha unasugua unga wote kwa brashi mpaka ubao ubaki mtupu, unapaka gundi pande zote mbili, unangoja ikauke kiasi isivutike kidoleni, unaanza kubandika katikati ukielekea pembeni. Ikishagusa imegusa, hakuna "sogeza kidogo".

Yeye alipaka gundi ya viatu upande mmoja, akasogeza kidogo.

Adhuhuri yake kitambaa kilinishukia mimi mwenyewe kwenye foleni ya Ubungo. Taa ya ndani sasa huwaka mlango ukifungwa.

Lakini kinachoniuma si fundi, ni umri wa gari. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Sisi huku tunaruhusiwa, ila linatozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. Nimelipa, risiti ninayo. Mwenye gari wa kwanza alikula ujana wote wa sponji ile, akaliuza ilipoanza kukohoa, na umri ule ule nilioulipia bandarini ndio uliomdondokea mzee wa watu kichwani siku ya kuozesha. Wanaponunua gari watu hufungua boneti, hupiga teke tairi, husikiliza injini wakiwa wamefumba macho. Hakuna anayetazama juu.

Ukienda kununua, wewe tazama. Bonyeza dari kwa kidole. Likirudi juu, endelea na injini. Likibaki limebonyea, au ukisikia kitu kikisagika ndani, punguza bei papo hapo. Muuzaji atasema hilo jambo dogo, la kurekebisha tu. Mwambie alirekebishe yeye kwanza, na mtakapotoka kulijaribu, kiti cha mbele akae yeye na kanzu nyeupe.