Inazunguka, Haiwaki

Pikipiki iliyokufa kabisa haimsumbui mtu. Unabonyeza stata, kimya. Unapiga kiki, kimya. Unaisukuma hadi chini ya mwembe, kuku wanapata pa kulala, nawe unaanza kutembea kwa miguu na roho safi. Inayotesa ni ile inayozunguka lakini haiwaki. Hiyo hukuitikia kila ukiiita, kama mdeni anayepokea simu zako zote na halipi. Taa zinawaka, honi inalia, pistoni unaisikia ikipanda na kushuka kwa bidii, kila kitu kinafanya kazi isipokuwa kazi yenyewe. Na kwa kuwa inaitika, huwezi kuiacha. Utabonyeza tena. Halafu jirani atatoka nje.

Hapa Pweto, Kongo, jirani hatoki peke yake. Mji wetu uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Moero, pale mto Luvua unapoanza safari ya kwenda kuukuta Lualaba, na alfajiri njia ina watu: wanaokwenda kupokea samaki, wanaorudi na samaki, na wanaotembea tu ili kujua kama kuna jambo. Moteri inayozunguka bila kuwaka ni jambo.

Asubuhi hiyo msafiri alikuwa mama mkwe wangu, aliyekuwa akirudi Kilwa kwa mtumbwi wa moteri. Mitumbwi hiyo huondoka mapema, maana upepo wa Moero ukiamka hauheshimu mtu. Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na kumpakia nyuma ya kiti akiwa amekushika kiuno ni habari ambayo wazee wangeiitia kikao. Kwa hiyo pikipiki ni yangu, lakini dereva alikuwa mpwa wangu. Maneno nayo hayaendi moja kwa moja. Mama akitaka kuniambia kitu humwambia mjukuu wake, binti yangu mdogo, naye huja kunisomea taarifa akiwa amesimama wima. Kazi hiyo anaipenda kuliko shule, nami ni mwalimu wake.

Mama akaketi kwenye kigoda mlangoni, kuku wawili miguuni, unga wa muhogo kando, uso ameugeuzia ukuta ili asinione. Mpwa akabonyeza. Nyi-nyi-nyi-nyi-nyi. Akabonyeza tena. Mlango wa jirani ukalia.

Nimekaa na binadamu miaka mingi na sijaona kitu kinachowapa furaha kuliko ugonjwa wa moteri ya mtu mwingine. Kila aliyefika aliutambua ugonjwa anaoufahamu yeye. Aliyenunua batri mpya juzijuzi alisema ni batri. Nilipomwuliza batri iliyokufa inazungusha vipi stata, akanitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, unasoma sana." Mvuvi mmoja alisema ni kamba, kwa sababu moteri yake ya mtumbwi inawashwa kwa kuvuta kamba, tukamwonyesha kwamba hapa hakuna kamba, akajibu kwamba ndiyo sababu. Mchungaji alitaka kujua kama chombo kiliwahi kuombewa. Mzee wa nyumba ya tatu alileta lutuku, pombe yetu kali, ndani ya chupa ndogo. Alikuwa na hoja nzuri: lutuku inawaka ukiisogezea kibiriti, na kinachowaka kinaweza kuwasha. Ila kipimo cha chupa yake kilionyesha kuwa ameshaanza kumtibu mtu kabla ya pikipiki, na mtu aliyemtibu ni yeye mwenyewe.

Wazo la maana lilitoka kwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita, ambaye kwenye hesabu hana sifa yoyote. "Kitufe chekundu," alisema. Kile kitufe cha kuzimia, mkono wa kulia wa usukani, huguswa na kila mtoto anayepanda kiti kuigiza motari, dereva wa pikipiki. Kikikaa vibaya, cheche inakatwa, na ukipiga kiki moteri inazunguka hadi jioni bila faida. Tukatazama. Kilikuwa mahali pake. Kijana akarudi nyuma ya umati, na mimi nikaandika moyoni kumwongezea alama.

Binti yangu akafika mbele yangu, mikono nyuma, na taarifa ya nkambo, bibi yake.

"Papa, nkambo anasema mafuta ilale."

"Ilale wapi?"

Akakimbia, akarudi. "Mu chupa."

Wanaume walicheka kidogo, kwa adabu. Ndipo mmoja akasema afadhali aitwe fundi.

Mwalimu haachi kufundisha hata akiwa kwenye aibu, na watu walikuwa wamekusanyika wengi kuliko wanaokuja darasani kwangu. Nikawaeleza kwamba moteri ya namna hii ina mambo manne tu, tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipoifanikisha mwaka 1876: inavuta hewa na mafuta, inayabana, inayachoma, inautoa moshi. Ikizunguka bila kuwaka, basi jambo la tatu halitokei, na sababu hutafutwa mahali patatu: hakuna cheche, hakuna mafuta, au hakuna mbano. Nikaongeza kwamba pikipiki ya kwanza ya petroli, ile ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach ya mwaka 1885, haikuwa na bujii ya kutoa cheche. Mafuta yalichomwa na mrija mdogo uliokuwa ukipashwa moto chini ya kiti. Paul, mtoto wa Daimler, alipoiendesha, kiti kikashika moto. Kwa maneno mengine, pikipiki hiyo ya kwanza haikukataa kuwaka, iliwaka yote. Kijana mmoja akauliza kama huyo Paul alikuwa amempakia mama mkwe wake. Somo likaishia hapo.

Fundi alifika na spana mbili na bisibisi, mali yote ya karakana. Namheshimu, maana anafanya kazi ya maabara kwenye vumbi. Alifungua bujii, akairudisha kwenye kofia yake ya waya, akaigusisha kwenye chuma cha moteri, akamwambia mpwa azungushe. Cheche ikaruka, ya buluu, kavu, inayosikika. Batri na waya zikaachiliwa huru mbele ya watu wote. Halafu akaweka kidole gumba kwenye tundu la bujii, akasema tena zungusha; hewa ikamrusha kidole. Mbano upo. Akaitazama bujii kwenye mwanga: imelowa chepechepe. Mafuta nayo, akasema, yanafika vizuri.

Hapo fundi aliingia kwenye ugumu ambao si wa ufundi tena bali wa heshima. Cheche ipo, mbano upo, mafuta yapo, na pikipiki haiwaki. Amesimama mbele ya mji mzima. Akajifuta mikono taratibu, akatamka neno ambalo mafundi hulitunza kwa saa za namna hiyo.

"Papa, hii ni segma."

Umati ukaguna. Segma, yaani pete za pistoni, ni kufungua moteri nzima. Ni kusubiri pyesi kutoka Lubumbashi, zaidi ya kilometa 400 za vumbi au za tope kutegemea mwezi, au kumwagiza mtu upande wa Chiengi, Zambia, ambaye ataleta segma za pikipiki nyingine na salamu nyingi. Nilikumbusha kwamba kidole kimerushwa sasa hivi na segma hizo hizo. Fundi akasema kwamba segma nyingine huchoka kwa siri.

Binti akaja tena. Safari hii alikuwa anatembea polepole, kwa uzito wa ujumbe.

"Papa, nkambo anauliza: bujii imelowa na nini?"

Swali la mtoto, lilivyosikika. Imelowa na mafuta, ingelowa na nini? Lakini fundi, mkono ukiwa bado hewani, aliinusa ile bujii. Akainusa tena. Akampa mpwa, naye akanusa, akanipa mimi. Harufu ya petroli ilikuwepo, ila dhaifu, ya mtu aliyepita sebuleni jana.

Nieleze kidogo kuhusu mama huyu. Desemba 2000, Pweto ilipoingia mikononi mwa waasi wa RCD-Goma na jeshi la Rwanda, watu wa hapa walivuka kwa maelfu kuingia Zambia, wengi wakakaa miaka kwenye kambi za Kala na Mwange. Yeye alikuwa Kala. Wengine walirudi na Kibemba kilichonyooka. Yeye alirudi pia na elimu ya biashara ya mafuta ya taa, aliyokuwa akiyauza kwa kopo. Muuza mafuta ya taa anajua mambo mawili: namna ya kutambua mafuta yaliyotiwa maji, na jambo la pili sijawahi kumwuliza, kwa kuwa yupo mtoto katikati.

Ikatafutwa chupa. Ya kwanza kuletwa ilikuwa ya bia, ya kahawia, isiyoonyesha kitu. Taarifa ikatoka mlangoni kwamba nkambo anasema hiyo ni ya kuficha. Ikaja nyeupe ya kioo. Fundi akalegeza skrubu iliyo chini kabisa ya kabureta, mafuta yakachuruzika ndani, chupa ikawekwa juu ya jiwe. Mkutano wote ukakaa kimya kuangalia mafuta yakilala.

Hayakuhitaji usingizi mrefu. Chini ya chupa kulikusanyika kitu cheupe, safi, chenye mpaka wake, na juu yake petroli ya njano imeketi bila kuchanganyika. Lita ya petroli haifiki kilo moja, ni kama robo tatu ya kilo na kidogo. Ya maji ni kilo kamili. Kwa hiyo maji hushuka. Na hapo ndipo ubaya wa jambo: tangi hutoa mafuta karibu na chini, kabureta nayo hunyonya kutoka chini ya bakuli lake. Unaweza kuwa na tangi lililojaa petroli halisi na moteri isionje hata tone, kwa sababu yaliyo mbele kwenye foleni ni maji. Bujii hulowa, cheche huruka ndani ya unyevu huo, na kila kipimo cha fundi husema ukweli.

Kadafi aliyetuuzia aliitwa. Kwa wasio wa Kongo: ni kijana anayeuza petroli barabarani kwenye chupa na bidoni, akiwa amepewa jina la yule aliyekuwa kiongozi wa Libya kwa ajili ya visima vyake vya mafuta. Wetu alifika akiwa tayari na utetezi.

"Papa Mwalimu, maji iliingia yenyewe. Ni umande."

Ulikuwa mwezi wa saba. Hata majani ya muhogo yalikuwa yanauliza umande ni nini. Ila nikiri kwamba maji yana njia nyingi za halali: pipa lililofunguliwa wakati wa mvua, bidoni lililooshwa na halikukaushwa, mtumbwi uliovuka ziwa wakati wa mawimbi. Mchungaji alikubali kwamba inawezekana. Umati haukukubali. Kadafi akaleta mafuta mengine, na safari hii alimiminia kwenye chupa ya kioo kwanza, chini ya ulinzi.

Kilichofuata ni kazi ya dakika chache. Tangi likamwagwa, bakuli la kabureta likafutwa, bujii ikakaushwa juu ya mbabula, jiko la makaa la mke wangu, pembeni ya chai. Kabla ya kuirudisha, mpwa alipiga kiki huku gesi imefunguliwa yote, moteri ikatema ukungu. Bujii ikafungwa. Akabonyeza. Nyi-nyi, kisha ikashika, ikatoa moshi mweupe, ikanguruma. Watoto walishangilia. Yule wa batri alisema ndivyo alivyokuwa akimaanisha.

Mama alipanda upande mmoja, miguu pamoja, mjukuu katikati, kuku kwenye usukani. Mimi nikafuata kwa miguu nikiwa nyuma mbali, kwa mujibu wa desturi, nikijua kwamba mtumbwi umeshaondoka zamani.

Haukuwa umeondoka. Ulikuwa umefungwa pale pale, abiria wamekaa ndani na magunia yao, na nahodha akiwa kifua wazi anavuta kamba ya moteri, anavuta, anavuta. Yule mvuvi wetu alikuwa ameshafika kabla yetu kutoa ushauri. Sasa alikuwa anasema tatizo ni kukosa batri. Abiria wengine walikuwa wamefikia segma.

Nahodha si mkwe wa mtu. Mama akashuka, akafungua pindo la kitenge, akatoa chupa ya kioo, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nikaisikia sauti yake yote. Nilikuwa nimesimama juu kabisa, karibu na miti, na nilisikia kila neno, pamoja na yale yaliyomhusu kadafi na ukoo wake. Ziwani mvuvi mmoja aliacha kupiga kasia. Nahodha alimimina mafuta kwenye chupa haraka kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote, wakaangalia pamoja, kisha mtoto mmoja akatumwa mbio kwa kadafi.

Wiki iliyofuata nilipita kibandani kwa kadafi kununua mafuta. Zile chupa za plastiki zilikuwa zimetoweka. Kwenye meza kulikuwa na safu ya chupa za kioo, zimepangwa juani, petroli inang'aa ya njano hadi chini. Nikamsifu. Nikauliza bei, akanitajia, nikamwuliza imepanda kwa nini.

"Papa," alisema, "hii imelala kwangu usiku muzima. Mugeni akilala, analipa."